Jina la Kocha

Nianze kwa kujitaja, maana katika habari hii majina ni jambo kubwa. Naitwa Claudine. Ninafanya kazi katika duka la kuchapa fulana hapa Schaerbeek, mtaa wa Brussels, na ndimi niliyemuua kocha wetu. Usishtuke. Yuko hai, ana afya kuliko mimi, na Jumamosi alasiri ukimtaka utamkuta ukumbini. Lakini Jumamosi moja ya mwezi wa pili alikuwa marehemu tangu asubuhi mpaka saa kumi na nusu, na mtu wa kwanza kumlilia hadharani nilikuwa mimi.

Kulikuwa na timu. Iliitwa Nyota ya Josaphat, kwa jina la bustani iliyo karibu na ukumbi, na ilikuwa timu ya kulipwa ya kandanda ya ndani: watu watano kwa watano, mpira mdogo mzito usiodunda sana, sakafu ya mbao badala ya nyasi. Nasema ya kulipwa kwa sababu wachezaji walitia saini mikataba, kwa Kifaransa na Kiholanzi, mbele ya tajiri mmoja aliyevaa viatu bila soksi katikati ya Novemba. Ningepaswa kujua tangu siku ile. Mwanaume anayetembea Brussels wakati wa baridi vifundo vya miguu vikiwa wazi hawezi kupanga mambo ya watu wengine. Timu iliishi miezi mitano. Ilicheza mechi tisa, ikashinda mbili, ikatoka sare moja ambayo mpaka leo Élisée, kipa wetu, anaisimulia kama alibeba kombe. Kisha tajiri akahamia Ureno, au Dubai, inategemea unamuuliza nani. Ligi ikatufuta. Élisée akarudi kwenye gari lake la kupeleka vifurushi, Patient, mshambuliaji wetu, akarudi kwenye usukani wa basi, na wengine kila mmoja akashika njia yake.

Kocha hakuwa na pa kurudi. Hilo sikulielewa wakati ule, na nilikuwa na macho mawili mazima.

Alizaliwa Likasi. Alicheza mpira Lubumbashi katika timu ya kampuni ya madini mpaka goti lilipokataa, akaja Brussels kusomea ualimu wa michezo. Cheti alikipata, kazi ya cheti hakuipata. Kwa miaka kumi na minane amekuwa mlezi katika nyumba ya wazee kule Auderghem, upande wa msituni. Anawaogesha, anawalisha, anawavalisha soksi, anawasikiliza wakimsimulia vita ambavyo wengine hata hawakuviona. Mke wake, Anne-Marie, alirudi Lubumbashi kumuuguza mama yake. Mama akapona, Anne-Marie hakurudi. Kocha akabaki na chumba kimoja ghorofa ya nne, vituo vitatu vya tramu kutoka kwangu. Vitatu. Nimevihesabu mara nyingi siku hizi.

Ualimu wake ulikuwa na sheria moja kuu, na sijaiona kwa kocha mwingine yeyote: mchezaji haruhusiwi kupiga pasi kabla ya kutaja jina la anayepokea. Si "hapa!", si "nipe!", jina. Anayesahau anazunguka ukumbi mara tatu.

"Unatupia muntu mupira bila kumuita jina?" alikuwa akipiga kelele, mikono kiunoni. "Ni imbwa? Ita jina, alors! Asikie kama unamuona!"

Basi Nyota walipocheza, ukumbi mzima ulijaa majina. Élisée! Patient! Numbi! Patient! Tatizo ni kwamba wapinzani nao walikuwa na masikio. Walijua mpira unaenda kwa nani kabla haujaondoka mguuni, na hiyo, ukiniuliza mimi, ndiyo sababu ya nusu ya mabao tuliyofungwa. Patient alimwambia hivyo siku moja, kwa adabu. Kocha alifikiri, akasema bora tufungwe tukiwa tunajuana. Tukafungwa.

Jezi za Nyota nilizichapa mimi. Nilimpigia simu kila mchezaji nikamuuliza jina lake linaandikwaje, herufi moja moja, kwa sababu Mkongomani ukimkosea jina mgongoni atakusema mpaka Pasaka. Kwa kocha sikuuliza. Nilichukua koti la michezo, nikachapa mgongoni COACH, nikalikunja. Alilipokea, akaligeuza, akalisoma, akasema merci, maman Claudine. Nikaona nimefanya kazi nzuri.

Timu ilipokufa, kilichobaki ni saa moja ya ukumbi. Ukumbi ni wa manispaa, na saa ya Jumamosi, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja, ilikuwa imeandikishwa kwa jina la Nyota mwaka baada ya mwaka. Kocha hakuirudisha. Kila Jumamosi aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba ukumbi upo, mipira ipo, tuje. Mwanzoni watu walijibu kwa dole gumba. Baadaye wakawa wanasoma tu. Baadaye hata kusoma wakaacha. Mimi niliunyamazisha mlio wa kundi, niseme ukweli, kwa sababu ulinikatiza usingizi wa mchana.

Manispaa ina kanuni zake. Kikundi chenye saa ya ukumbi lazima kionyeshe, angalau mara moja katika muhula, watu kumi waliotia saini kwenye daftari la mlangoni. Ukikosa, saa inapewa wengine, na watu wa mpira wa vinyoya walikuwa wameshaanza kuuliza. Mlinzi wa ukumbi, mama mmoja wa Kibelgiji anayeitwa Rolande, funguo shingoni, miaka sitini na zaidi, alimwonea kocha huruma. Akamwambia aandike tu majina kumi, nani atajua? Kocha alikataa. Alisema jina linaandikwa na mwenyewe. Rolande akamwambia basi Jumamosi ijayo ndiyo siku ya mwisho ya muhula, na kuanzia Jumatatu atakuwa hana cha kumsaidia.

Hayo yote sisi hatukuyajua. Angetuambia, labda tungekuja. Lakini yeye si mtu wa kulialia kwenye simu.

Alichofanya ni hiki. Asubuhi ya Jumamosi ile, kabla ya kwenda kazini, alibadilisha picha ya kundi. Aliondoa nembo ya Nyota akaweka picha yake mwenyewe: peke yake, suti ya buluu nzito, tai, nyuma ukuta mweupe, uso umenyooka. Dakika mbili baadaye akaandika: "Samedi, seize heures, ku salle. Mukuye bote." Yaani Jumamosi, saa kumi, ukumbini, mje wote. Kisha akakimbilia metro, akaisahau simu kwenye chaja.

Sasa, kama wewe si wa kwetu huenda huoni kosa liko wapi. Mkongomani yeyote wa Brussels analiona akiwa na jicho moja. Kwetu, mtu akifa, picha yake ya suti ndiyo inayotangulia. Haiji na maneno. Inatokea tu pale palipokuwa na picha nyingine, na wewe unashika kifua. Maneno yanafuata baadaye, nayo ni mawili: wapi na saa ngapi. Kwamba ujumbe ulitoka kwenye namba yake mwenyewe haikumshangaza mtu. Simu ya marehemu hushikwa na ndugu, akawajulisha watu. Na kwetu hakuna kuuliza-uliza. Msiba unaendewa.

Niliiona picha saa moja asubuhi, jikoni, kijiko cha sukari mkononi. Niliandika: "Mungu wangu! Coach!" na mishumaa mitatu. Baada yangu zikaja jumbe arobaini. Nilimpigia mara nne. Simu iliita mpaka ikachoka, na hilo likanithibitishia.

Nililia kwelikweli. Kisha nikafanya ninachokijua: nikaenda dukani mapema, nikawasha mashine, nikaanza kuchapa fulana za msiba, nyeusi, picha yake ya suti kifuani. Ilipofika zamu ya jina, mkono ukasimama.

Patient naye alikuwa ameuliza kwenye kundi: "Jina complet ya coach ni nani? Padre anaiomba juu ya misa."

Kundi lililokuwa likilia kwa kasi likanyamaza kabisa. Kisha mmoja akaandika, "Si Kabamba?" Mwingine akajibu, "Hapana, Kabamba ni ule wa Anderlecht." Nikafungua simu yangu: Coach Nyota. Nikampigia Élisée: kwake ameandikwa Coach. Mikataba iliondoka na yule asiye na soksi. Mwanaume alitufundisha miezi mitano kwamba mtu asitupiwe mpira bila kuitwa jina, na katika watu kumi na wanne hakuna aliyejua lake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikachapa COACH, kwa mara ya pili, na chini yake mwaka mmoja tu, wa kufa, kwa sababu wa kuzaliwa sikuujua pia.

Saa kumi kasoro tulikuwa ukumbini, wachezaji tisa na mimi, fulana juu ya makoti, viatu vyeusi vya kanisani. Élisée alileta kreti mbili za maji na viti vya kukunja. Tulipokanyaga sakafu, Rolande alitokea kwenye kibanda chake akipiga kelele: soli nyeusi ni marufuku, zinaacha alama! Kisha akaona fulana. Akaangalia uso kifuani mwa Patient, akaangalia kifuani mwangu, akakaa kwenye benchi kama mtu aliyesukumwa.

"Alikuwa hapa Jumamosi iliyopita," alisema kwa Kifaransa. "Alikuwa mzima."

Tukavua viatu, tukakaa naye, kumi tuliovaa soksi. Ni yeye aliyetusimulia. Kwamba kocha hakukosa hata Jumamosi moja. Kwamba anapanga koni zote, anavaa koti lake, halafu anapiga pasi ukutani, mpira unarudi, anapiga tena, na kila pasi anaita jina. Siku za kwanza Rolande alidhani ukumbi umejaa watu. Alichungulia, akamkuta mmoja.

"Nani kati yenu ni Élisée?" aliuliza. Élisée akainua mkono. "Wewe ulikuwa unaitwa sana. Na Patient? Na Numbi?" Aliwataja wote tisa, bila kukosea, watu ambao hakuwahi kuwaona.

Hapo ndipo kilio chenyewe kilipoanza. Kile cha asubuhi kilikuwa desturi. Hiki kilikuwa cha wenye hatia. Patient, mwanaume wa mita moja na tisini, alijifunika uso kwa fulana yake, yaani kwa uso wa kocha.

Kwenye meza ya mlangoni palikuwa na daftari wazi na kalamu, kama kila siku. Sisi tulijua daftari la mlangoni siku ya msiba ni la nini. Tukapanga mstari. Kila mmoja akaandika jina lake, saini, na neno kwa marehemu. Rolande alituangalia tu. Nadhani hakuwa na nguvu za kutueleza. Mimi nilikuwa wa kumi. Niliandika habari ya Krismasi: "Coach, Noël nilipika chakula ya batu kumi, tukakula bane. Nilipashwa kukuita. Unisamehe."

Nilikuwa naweka kalamu chini mlango ukafunguka.

Aliingia kinyumenyume, akivuta mfuko wa mipira, anahema, jasho usoni. "Bon, munisamehe kuchelewa," alisema kabla ya kugeuka. "Ile mama muzee wa chambre douze alikatala kula mpaka nimukamatie kijiko, donc..."

Akageuka. Akatuona tumesimama, weusi tii, ndani ya soksi. Furaha iliyompitia usoni sitaisahau; alihesabu, niliona midomo yake ikihesabu, akafika kumi. Ndipo akaona viti, maji, macho mekundu.

"Alors?" alisema taratibu. "Ni nani alikufa?"

Alisogea karibu na Patient akasoma fulana. Alisoma ya Élisée. Alisoma yangu, na mwaka mmoja ulioandikwa chini.

Numbi alipiga ukelele wa kukimbiza mapepo. Élisée alianguka magotini akamkumbatia miguu. Na Patient alikasirika, kama tunavyokasirika tukimpata mtoto aliyepotea.

"Coach, juu ya nini ulitia ile photo? Tulikulilia! Padre anakuombea sasa hivi!"

"Ile photo?" Kocha alishangaa kweli. "Mulikuwa hamunijibie. Miezi tatu, hakuna muntu anajibia. Nikasema pengine wanaona tu nembo, hawaone muntu. Nikatia sura yangu." Alishusha mfuko. "Nilitaka muone kama ni miye ninawaita. Ndio ile tu."

Tukacheka kwa sababu hatukujua la kufanya lingine. Kicheko kilianza kwa Élisée pale chini, kikatupata wote, Rolande pia. Kocha naye alicheka, nyuma kidogo ya wengine. Kisha akafungua mfuko, akatupa mpira sakafuni, na wakacheza, kwa soksi, suruali za kanisani zimekunjwa, kila mmoja na uso wa kocha kifuani, wakiteleza na kugongana na kuitana majina. Waliita mpaka wakakauka koo. Dakika ishirini na tano. Halafu simu zikaanza, mke wa huyu, zamu ya yule, na wote wakamkumbatia mlangoni na kuapa kurudi kila Jumamosi: "Chaque samedi, coach! Chaque samedi!"

Nilibaki kukunja viti. Rolande alileta daftari mezani, akahesabu kwa kidole, kumi, akasema saa ya ukumbi imepona mpaka Juni. Inatakiwa saini ya msimamizi tu, jina kamili, chini kabisa. Kocha alivaa miwani. Hakusaini mara moja. Alisoma kila mstari, kumi yote, na kila mstari ulimwita Coach, na kila mstari ulisema alikuwa, alikuwa, alikuwa. Alipofika kwangu alikaa hapo muda mrefu. Nilijifanya naangalia kamba ya kiti.

Kisha akaandika jina lake chini ya rambirambi zake mwenyewe. Nililisoma juu chini nikiwa upande wa pili wa meza: Kabeya Rigobert.

"Maman Claudine," aliniambia tukitoka, "ile ya Noël, haina shida." Akanipa mkono, akapanda tramu yake.

Wiki ile nembo ya Nyota ilirudi kwenye kundi. Jumamosi ikafika na hakuna ujumbe wowote. Nadhani aliogopa kututisha tena. Patient alikuwa na zamu, Élisée alikuwa na ubatizo, na wengine sikuwauliza, kwa sababu ningeulizwa mimi ninaenda saa ngapi, na mimi pia sikuwa nimepanga kwenda. Nilikuwa nimelala kwenye sofa. Saa kumi na dakika tano niliamka nikavaa koti, huku namkasirikia kocha, kana kwamba yeye ndiye aliyenivuta mkono.

Rolande alinifungulia. Koridoni nilisikia sauti ya kocha kabla sijauona mlango.

"Élisée!" Mpira ukagonga ukuta. "Patient!" Ukagonga. "Numbi!" Majina yote tisa, moja moja, na baada ya kila jina ule mgongano mkavu wa mpira na ukuta, na kimya. Nikadhani amemaliza.

"Claudine!"

Mpira ukagonga ukuta.

Mimi nina miaka hamsini na mbili, na maishani mwangu sijawahi kuupiga mpira. Nilivua viatu, vilikuwa na soli nyeusi, nikaingia. Alikuwa amenipa mgongo ulioandikwa COACH. Aligeuka, akaniona, hakutabasamu wala kushangaa. Aliuweka mpira vizuri mguuni, akaita tena "Claudine!" na akausukuma kwangu polepole, kama anavyompa yule mama wa chambre douze kijiko. Niliusimamisha kwa kisigino. Nikanyanyua mguu niurudishe.

"Jina, maman," alisema. "Kwanza unaita jina."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema coach.

"Rigobert!" nikaita, kwa nguvu, ukumbi ukarudisha sauti.

Pasi yangu ilikuwa ya hovyo. Mpira ulikwenda upande kabisa, ukampita mbali, ukaviringika mpaka kwenye kona ya mwisho chini ya saa ya ukutani. Aliufuata taratibu kwa lile goti lake. Alipoufikia hakuuokota. Alisimama kule, amenipa mgongo, mkono mmoja ukutani, wa pili ukimfuta macho, na mimi nikamngoja.